Hesabu ya Vidole Tisa

Baba yangu, Delfín Toapanta, alihesabu kwa tisa.
Kidole gumba cha kulia kilibaki huko juu,
kwenye kinamasi cha Yanaurco, mwaka wa barafu nyingi:
kamba ya ngozi ilizunguka pembe ya tandiko,
fahali akavuta, na kidole kilikuwa katikati.
Alisema hakusikia maumivu. Alisikia mlio,
kama kuni mbichi ikivunjwa gotini, basi.
Kisha akamaliza kumfunga fahali.

Hayo alinisimulia mara nyingi,
na kila mara fahali aliongezeka uzito.

Ng'ombe wetu si wa kukamuliwa, si wa kuitwa kwa jina.
Miezi kumi na moja hulala ndani ya ukungu,
hula nyasi kavu zinazochoma kama sindano,
huzaa bila shahidi.
Mara moja kwa mwaka tunapanda kuwatafuta:
mimi, binamu yangu Wilmer,
akina Caiza wa ng'ambo ya bonde,
na Heriberto, ambaye haoni mbali, ila farasi wake anaona.
Poncho mbili mbili mabegani, miguuni ngozi za mbuzi,
manyoya nje, zimelowa, zinanuka.
Ukituona kwa mbali utadhani
mbuzi wamejifunza kupanda farasi.

Saa tisa za usiku tunakunywa maji ya moto
yenye sukari guru na tone la pombe ya miwa.
Tone la Wilmer ni kubwa kuliko la wengine.

Mwaka huu tandiko la Baba nalikalia mimi.
Mikanda ya vikuku nimeipandisha matundu matatu.
Ngozi yake imebonyea pale alipokaa yeye,
na mimi sienei, nateleza
kama punje ndani ya kibuyu.

Kwanza huwaoni. Unaona ukungu,
kisha ukungu unaota pembe.
Halafu ardhi inaanza kutetemeka chini ya kwato,
na mbwa wanabweka, na hujui nani anamfukuza nani.

Yule mtamba alijitenga na wenzake kwenye ukingo:
mweusi, tumbo lenye kiraka cheupe,
sikio zima halijakatwa, paja halina chapa.
Hakuna mtu aliyewahi kumshika.
Nikamfuata. Jike langu lilizama hadi magotini, likajinasua.
Nikarusha tanzi, likakaa shingoni sawasawa,
na nikamsikia Baba, kwa sauti ile ya kukaripia supu ya moto:
Dole juu, Zoila! Dole juu ukizungusha!

Nikazungusha mara moja.
Kamba ikakaza, ikalia, ikatoa moshi kwenye pembe ya tandiko.
Mtamba akageuka akanitazama.
Sitasema macho yake yalikuwa na neno.
Yalikuwa macho ya ng'ombe, na kamasi puani.
Nikatazama kidole changu, kimesimama peke yake kwenye baridi,
chekundu, kizima, cha kijinga.
Nikaachia.

Kamba ile Baba aliisuka mwenyewe,
majira mawili ya mvua, jioni kwa jioni,
akiipaka mafuta ya kondoo, akiivuta kwa meno
pale mkono mmoja uliposhindwa.
Ikaenda inaburuzika nyasini kama mkia wa pili.

Zizini tulihesabu mpaka giza.
Baba alikuwa akifika tisa anatia haragwe mfukoni,
anaanza upya. Wa kumi hakumtaja.
Karani wa shamba akigomba kwamba idadi haikubali,
Baba humwinulia mkono ule, kimya,
na karani huandika.

Mimi nilihesabu kwa kumi, nikapata sitini na tatu.
Nikahesabu tena kwa tisa.
Maharagwe saba, hakuna baki.

"Na kamba?" Wilmer akauliza.
Imebaki juu, nikasema.
Akanishika viganja, akavigeuza karibu na moto,
akahesabu vidole kimoja kimoja, midomo ikicheza,
ndipo akanipa chupa.